Picha ya Karibu ya Thea Lorne

Katika filamu zake nyingi Thea Lorne alikuwa akishuka ngazi. Wakubwa wa Meridian, studio iliyomwajiri tangu kabla ya vita, waligundua mapema kwamba hapakuwa na mwanamke mwingine Hollywood aliyeshuka ngazi kama yeye, na baada ya ugunduzi huo hawakuona sababu ya kumpa kazi tofauti. Maseremala walimjengea ngazi za meli, ngazi za kasri la Vienna, na ngazi za hoteli ya Rio ambazo zilikuwa zile zile za Vienna zilizopakwa rangi nyeupe. Alizishuka zote polepole, mkono mmoja ukishika pindo la gauni. Chini alingojewa na mwanamume mwenye suti ambaye, kwa kawaida, alikuwa mfupi kuliko yeye na kwa hiyo alisimamishwa juu ya kisanduku.

Mimi nilikuwa mhariri wa filamu. Nilikata na kuunga, nikiwa nimejifungia katika chumba kisicho na dirisha, na kwa kuwa nilikuwa na tabia ya kusoma wakati wa chakula cha mchana, waliniita Profesa, bila nia ya kunisifu. Filamu za Thea karibu zote zilipita mikononi mwangu. Naweza kusema kwamba niliutazama uso wake kwa muda mrefu kuliko waume zake wote wawili.

Uso huo ulikuwa mali ya kampuni. Alipofika kutoka Hamtramck, kule Michigan kwenye viwanda vya magari, aliitwa Teodora Sobczak na baba yake alikuwa mfua vyuma. Idara ya matangazo ilimwondolea jina, ikamnyofoa nywele za juu ya paji la uso ili lionekane pana, ikamnyoosha meno, kisha ikampa wazazi wapya: baba nahodha, mama mpiga piano, wote wawili wamezama baharini karibu na Ureno. Wazazi halisi walisoma habari za vifo vyao katika gazeti la Jumapili. Mama yake alilikata gazeti hilo na kulibandika ukutani jikoni, maana picha ya binti yake ilikuwa nzuri.

Wakati wa vita askari walibandika picha zake kwenye kuta za mabweni na kumchora kwenye pua za ndege za mabomu. Vita vilikwisha, askari wakarudi, wakaoa, wakanunua televisheni, wakaacha kwenda sinema. Kufikia mwaka wa hamsini na mbili Thea alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na kati ya hiyo studio ilikubali kutambua thelathini na minne tu. Pengo lililobaki lilikuwa jukumu la Gus Lindqvist.

Gus alikuwa mpiga picha wake, Mswidi mzito wa mwili, mwenye sauti ya chini na vidole vyepesi. Kila asubuhi, kabla Thea hajafika, alichukua soksi ndefu ya hariri nyeusi ya kike, akaivuta nyuma ya lenzi hadi ikakaza kama ngozi ya ngoma. Katikati aliichoma kwa ncha ya sigara, tundu dogo tu, ili macho ya Thea yabaki makali wakati mashavu, shingo na mikunjo vikiyeyuka. Ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa. Mimi ndiye niliyebaki na matokeo yake. Mwanamume aliyeketi upande wa pili wa meza hakupigwa kupitia soksi, kwa hiyo nilipounga picha zao, Thea alionekana kuishi ndani ya ukungu na mwenzake kuishi siku ya jua kali, chumba kimoja, chakula kimoja. Watazamaji hawakulalamika. Walidhani urembo ndivyo ulivyo.

Katika mwaka huo, mwigizaji mmoja wa kike, kijana, alikataa kucheza filamu ndogo kuhusu mji wa wachimba makaa wa Pennsylvania. Akasimamishwa kazi bila mshahara, na muda wa kusimamishwa ukaongezwa mwishoni mwa mkataba wake, kama ilivyokuwa desturi. Hollis Creel, mkuu wa utengenezaji, alihitaji mtu wa kuziba nafasi. Akamtupia Thea filamu hiyo. Ilikuwa hadithi ya mwanamke ambaye mwanawe amekufa katika mgodi ulioporomoka na ambaye anaitwa chumba cha maiti kumtambua. Filamu nzima haikuwa na ngazi hata moja.

Thea alikuja kwenye jengo letu siku iliyofuata. Nyota hawakuwa wakija huko. Sidhani wengi wao walijua tulipo. Alikaa juu ya kopo la filamu, akavua miwani ya jua.

"Profesa, wewe hunisifu kamwe. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Hiyo soksi ya Gus unaiona?"

"Naiona kila siku, Bi Lorne."

"Inaonekanaje?"

"Kama mtu amepumulia kioo kabla hujatokea."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mama huyu wa kwenye hadithi, anavuta shuka, anamwangalia mtoto wake. Hana neno la kusema. Ni uso tu. Nikipigwa kwa soksi, nitakuwa mwanamke mrembo anayetazama kitanda."

"Ndivyo utakavyokuwa."

"Nimefanya kazi hapa tangu nilipokuwa binti mdogo, na hakuna aliyewahi kuniona. Nataka hii moja. Nyingine zote wachukue." Alivaa miwani yake. "Usimwambie mtu kwamba nimekuja. Watadhani nimeanza kusoma vitabu."

Alimwendea Gus mbele ya watu wote, siku waliyoandaa seti ya chumba cha maiti. Nilikuwepo, kwa kuwa mwongozaji alitaka nione jinsi tukio litakavyokatwa. Gus alikuwa juu ya ngazi ya mafundi, akisogeza taa.

"Gus, kesho sitaki soksi."

"Kesho unataka nini, mtoto? Barakoa?"

"Nasema kweli."

Gus akashuka. Mafundi wa taa walijifanya wanatafuta waya. "Thea, hizi taa ni kali. Lenzi hii inahesabu hata vinyweleo vya ng'ombe aliye upande wa pili wa bonde."

"Basi ihesabu."

"Creel ataniua."

"Creel hajawahi kumuua mtu mwenyewe. Huwa anatuma. Niahidi."

Gus akasema, "Haya, nakuahidi." Akapanda tena kwenye taa zake.

Kesho yake Thea alicheza tukio hilo mara moja tu. Nimekaa karibu na waigizaji maisha yangu yote na sina imani kubwa na kazi yao. Wengi hulia kwa urahisi kwa sababu wanalipwa kulia. Thea hakulia. Alivuta shuka, akaangalia, akaitengeneza kola ya shati la marehemu kana kwamba kijana alikuwa anatoka kwenda shule, kisha akarudisha shuka. Kijana aliyelala pale, mwigizaji wa kulipwa kwa siku, alisimulia baadaye kwamba alisahau kubana pumzi na pia alisahau kupumua. Mwongozaji alisema "Kata" kwa sauti ya mtu aliye kanisani. Hakuna aliyesogea. Hatimaye fundi mmoja alipenga kamasi kwa nguvu, na kila mtu akashukuru kupata kelele.

Asubuhi iliyofuata tulikaa gizani, mimi, mwongozaji na Creel, kutazama picha zilizotoka kusafishwa. Nyota hawakuruhusiwa kuingia humo. Ilisemekana wakijiona huharibika. Picha ikatokea kwenye skrini. Mkono, shuka, kola. Na uso wa Thea, laini, bila umri, ukielea ndani ya ukungu kama mwezi juu ya bwawa la kuogelea.

"Nzuri sana," alisema Creel. "Nilisikia uvumi wa kipuuzi kwamba hamtatumia soksi. Nimefurahi kuona Gus ana akili."

Sikutoka mle ndani kwenda kula. Nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha Thea cha kujipodoa, nikamwambia. Sikuona njia nyingine yenye heshima, na sikuwa na hofu ya kuchukiwa, kwa kuwa kazi ya mhariri ni kuchukiwa na watu wachache kwa zamu.

Alikuwa akipakwa rangi ya midomo. Alimwomba binti aliyekuwa akimpaka atoke. "Una hakika?"

"Tundu la sigara linaonekana hata kwenye mwanga wa macho yako."

Alinyanyuka na nusu ya mdomo imepakwa, akavuka uwanja, akamkuta Gus anakula sandwichi ya mayai nyuma ya seti. Nilimfuata kwa mbali, lakini si mbali ya kutosikia.

"Uliniahidi, Gus."

Gus hakujidai haelewi. Aliweka chakula chini. "Nilijaribu asubuhi ile kabla hujaja. Nilimsimamisha msichana wa kukushikia nafasi kwenye mwanga, nikatazama bila soksi. Na yule ana miaka ishirini na sita! Nikawaza, je, Thea? Nikashindwa."

"Ulinificha nisionwe na nani? Na yule maiti?"

"Siku ya kwanza ulipokuja hapa ulikuwa unatetemeka. Nilikuambia hakuna atakayekuumiza mbele ya kamera yangu. Unakumbuka? Mimi nimelishika hilo."

"Nilikuwa mtoto, Gus."

"Kwangu bado."

"Ndiyo shida yenyewe, mzee wangu." Alisema hivyo bila ukali, na ndivyo ilivyomuumiza zaidi, niliona masikio ya Gus yakigeuka mekundu. "Nilitoa kila nilichokuwa nacho pale. Sijui kama nitakipata tena. Na wewe ulikuwa umesimama hapo, unajua."

Gus alichukua sandwichi yake, akaitazama, akaitupa.

Seti ya chumba cha maiti ilipangwa kubomolewa jioni hiyo. Thea akaenda kwa Creel akiwa bado na nusu ya mdomo. Aliniomba nimsindikize, nadhani kwa sababu alitaka shahidi asiyemhurumia. Ofisi ya Creel ilikuwa na zulia jeupe na meza ndefu kiasi kwamba mgeni alichoka kabla ya kufika.

"Mpenzi," alisema Creel, "keti. Nimeiona. Utapata tuzo."

"Nataka kurudia bila soksi."

"Hapana."

"Asubuhi moja tu."

"Mpenzi wangu, nisikilize kama ungemsikiliza baba. Watu hawatoi pesa kwenda kuona kitu wanachokiona bure nyumbani, mezani, na rola za nywele kichwani. Wanakuja kukuona wewe. Nikiwaonyesha mwanamke aliyechoka, kesho wataanza kuhesabu miaka, na wakishaanza kuhesabu, mimi nimeuza nini?"

"Mwaka wa mkataba wangu unakwisha mwezi ujao," Thea alisema. "Ni juu yako kuurefusha au kuuacha. Umekuwa ukijiuliza utauachaje bila magazeti kusema umenitupa."

Creel alisogeza kalamu yake upande wa kushoto, kisha akairudisha.

"Nitasema mimi ndiye nimeomba kuondoka. Nitasema nimechoka. Nitasaini leo. Wewe nipe seti na Gus kesho asubuhi, na picha hiyo iwekwe kwenye filamu."

Creel alikuwa mtu mwenye huruma kila mara huruma ilipokuwa rahisi. Alizunguka meza, akamshika bega. "Itawekwa kwenye onyesho la majaribio. Watazamaji wakiitazama kwa utulivu, ibaki. Wakicheka, natoa, narudisha ile ya soksi. Sikuonei, mpenzi. Kila picha hapa huishi kwa sheria hiyo."

"Nakubali."

"Unaelewa unachokitoa?"

"Bwana Creel, mimi ndiye niliyezishuka hizo ngazi."

Asubuhi Gus aliifungua kamera mbele yake, akamwonyesha nyuma ya lenzi palipokuwa patupu, kama mfanyakazi anayemwonyesha mlinzi mifuko yake. Taa zikawashwa. Thea alisogea kwenye mwanga na nikaona, kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile, alama mbili zilizoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo, ngozi ya shingo iliyolegea, na kovu dogo kwenye nyusi ambalo sikulijua.

Alicheza vibaya. Sitaki kulipamba jambo hili. Alijua anaonekana, na mtu anayejua anaonekana hushughulika na kuonekana. Alivuta shuka kwa huzuni, akatengeneza kola kwa huzuni, na huzuni yenyewe ilikuwa imepangwa vizuri kama meza ya wageni. Akarudia. Ikawa mbaya kwa namna nyingine. Mwongozaji alitazama saa yake. Mara ya tatu Thea alifika kwenye kola, vidole vikakwama, akamaliza kwa kulazimisha.

"Kata," alisema mwongozaji. "Imetosha. Ahsanteni."

Mafundi wakaanza kukunja waya. Kijana aliyelala chini ya shuka akaketi na kujikuna mgongo. Thea hakusogea. Aliinua macho, akamtafuta Gus nyuma ya kamera, kama mtu anayemuuliza daktari swali ambalo tayari amejibiwa. Alitazama tu, kwa muda mrefu, uso ukiwa umeachiliwa na kila kitu kilichokuwa kikiushikilia.

Gus alikuwa hajazima kamera.

Thea alikuja kwangu kesho yake. Nilimwonyesha kwenye mashine ya kuhariria, ambayo kioo chake hakikuwa kikubwa kuliko kisahani cha chai, kwa hiyo tulilazimika kuinama vichwa vikiwa karibu. Kwanza niliendesha ile ya soksi. Alitazama hadi mwisho.

"Nilikuwa nimeshika kitu," alisema.

"Ulikuwa umekishika."

"Na hakionekani."

Nikamwonyesha zile za pili. Alizitazama, ila ya tatu ilipofika kwenye kola alifumba macho. Nilidhani ananiomba nizime. Sikuzima. Neno "Kata" halisikiki kwenye mashine ile. Kilichoonekana ni kichwa chake tu kikiinuka kutoka kwa maiti. Nilikuwa nimekipima kipande hicho alfajiri na kukiunga baada ya shuka kuvutwa. Anavuta shuka, anamwona mwanawe, halafu uso huo.

Alifumbua macho. "Hapo sifanyi kitu."

"Hufanyi."

"Hapo namuuliza Gus kama nimeharibu. Nilikuwa namaanisha nimejiharibu. Kazi, mkataba, vyote."

"Najua."

"Hiyo si kuigiza, Profesa. Ni mimi ninaangaliwa nikiwa nimeshindwa."

"Mtazamaji hatajua ulikuwa unamtazama Gus. Atajua umepoteza kitu ambacho hakirudi. Kama hutaki, ninaweza kutumia ya kwanza. Ndiyo uliyocheza vizuri zaidi maishani mwako, na wachache watakaojali watakisia kilichomo."

Akainama tena kwenye kioo. "Rudisha."

Nikarudisha. Aliangalia kwa makini, kama mtu anayekagua nyumba ambamo alizaliwa lakini haijui tena.

"Creel atakasirika," alisema.

"Bila shaka."

"Ni mbaya kweli, sivyo?"

"Haijafichwa."

"Iweke," alisema. Akavaa glavu zake, na mkono mmoja ulikataa kuingia kwa muda.

Onyesho la majaribio lilifanyika katika mji wa Pomona, Ijumaa jioni, bila tangazo, baada ya filamu ya kuchekesha kuhusu mume mwenye mbwa. Ilikuwa desturi kuwashtukiza watu hivyo, na desturi mbaya. Walikuwa wameshazoea kucheka, na kicheko kina uvivu wa kutoka mtu akishakikaribisha. Creel alikaa nyuma kabisa. Gus alisimama karibu na mlango wa dharura na kofia mkononi. Thea alikaa kando ya njia, mbele yangu kwa safu moja, akiwa na koti la kawaida na kichwa wazi. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Walicheka mapema. Mchungaji wa hadithi alipojikwaa mlangoni, walicheka. Mtu mmoja aliiga kikohozi cha mchimba makaa na watu wa safu yake wakacheka. Niliona mgongo wa Thea ukinyooka, ukabaki hivyo. Kisha ikaja korido ya chumba cha maiti, viatu vyake kwenye sakafu, mlinzi akisema, "Huyu hapa, mama," na mkono ukishika shuka.

Uso wake ukajaza skrini, mkubwa kama nyumba, na kila mstari ukiwa mahali pake. Haukuwa na ukungu. Kijana mmoja nyuma yangu alianza sauti ya pua, ile inayotangulia kicheko. Haikuendelea. Sikusikia chochote isipokuwa projekta, na mahali fulani mtu akiacha kutafuna.

Mwanamke mmoja, aliyeketi kando kabisa ya Thea, alimwinamia mumewe. "Huyo ni nani?" alinong'ona.

"Mama yake," mume akasema. "Nyamaza."

Alitafuta mkono wa mumewe bila kuondoa macho kwenye skrini.

Creel alitufikia kwenye ukumbi wa mbele watu walipokuwa wakitoka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi asiyoipenda. "Inabaki," alisema. "Mimi huheshimu sheria zangu. Lakini hawakukutambua, Thea. Umesikia? Mbele ya macho yao, na hawakukutambua."

"Nilisikia."

"Hilo halikutishi?"

Alifikiria kabla ya kujibu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema uongo pale asipolipwa. "Linanitisha sana," alisema.

Gus alikuwa amefika, akasimama pembeni, hajui aweke wapi kofia yake, na Thea akamshika kiwiko, tu, akaendelea kukishika. Umati ulizidi. Tulikuwa tumesimama katikati ya njia, karibu na kaunta ya bisi, na watu walilazimika kutuzunguka. Baba mmoja alikuwa amembeba mtoto aliyelala begani, na macho yake bado yalikuwa mekundu.

"Samahani, mama," alimwambia Thea. "Naomba kupita."

"Pita, baba," alisema Thea, na akasogea ukutani kumwachia nafasi.